Mtungi wa Somoe na Mabakuli ya Kichina

Juzi kwenye harusi ya Rukia mlimcheka Bi Somoe, na msidhani sikuwaona. Alipowekewa sahani ya pilau, kabla hata ya bismillahi, aliigonga ukingoni kwa kifundo cha kidole, kisha akaweka kiganja chini yake akatulia kidogo. Mmoja wenu, ambaye simtaji kwa sababu ndiye anayenipasulia kuni, akasema, "Bibi anapiga hodi kwenye pilau." Mkacheka mpaka punje za wali zikawapalia. Nami nilicheka, siwezi kudanganya, maneno yalikuwa na chumvi yake. Lakini siku hizi mnajiita wafinyanzi. Mnafinyanga vyungu vya maua vya mahoteli, mna kikundi, mna hata fulana zenye jina la kikundi. Mfinyanzi kumcheka mtu anayegonga chombo ni sawa na muuza samaki kumcheka anayenusa samaki. Kwa hiyo nawaandikia haya, mkiwa mmeshiba na hasira zangu zimepungua.

Kwanza jambo la kazi. Chombo cha udongo hakichaguliwi kwa macho. Macho hupenda nakshi, na nakshi haichemshi maharage. Kigonge. Kilicho kizima husema "ngoo", na sauti inakaa kidogo kabla ya kuondoka. Chenye ufa husema "kwa", basi, kama mtu aliyekatizwa maneno. Ufa mwingine ni mwembamba kuliko unywele, hutauona hata ukikitazama juani, ila sikio litakuambia. Hivyo ndivyo alivyotufundisha Bi Tabu hapa Kitomanga, mimi, Somoe na Felista, tulipokuwa wasichana wabichi.

Jina lake lilikuwa Tabu na mafunzo yake yalikuwa tabu tupu. Mkono wake ulikuwa umezoea kugonga mpaka haukujua tena cha kugongwa na kisichogongwa. Aligonga nazi, aligonga maboga, aligonga mlango ulio wazi. Ukikosea kuchanganya udongo alikugonga kichwani kwa kidole kile kile, anasikiliza, kisha anamwambia mwenzako, "Huyu bado mbichi, mrudishe kivulini." Felista, ambaye ni Mmwera wa Rondo aliyeolewa huku kwetu, aliwahi kumjibu, "Bibi, mimi nimeshakauka, nangoja moto tu." Siku hiyo alipewa kazi ya kuchimba udongo bondeni peke yake mpaka adhuhuri. Udongo uwahi ungali maji, na ulimi nao uwahi kuufunga.

Alikuwa na amri moja kubwa kuliko zote: kigae hakitupwi. Chungu kikivunjika, hata kama ni cha jirani, tuliokota vipande, tukavitwanga kinuni, tukachekecha, na ule unga tukauchanganya na udongo mpya. Nyie kwa vyungu vya maua mmezoea kununua mchanga wa mtoni mkadhani mambo ndiyo hayo. Udongo mtupu ukikauka hujikunja na kupasuka. Ukiutia unga wa vigae, ambao tayari umeshapita motoni, unatulia, kwa sababu ndani yake mna kitu kinachoujua moto. Usizidishe, maana utakatika mikononi kama mkate wa jana. Bi Tabu alitutafunisha donge dogo la udongo ili meno yajue kipimo. Mnakunja uso? Sisi tulitafuna.

Kwa sababu ya amri ile, kila chungu cha Kitomanga kilikuwa na chungu kingine ndani yake, na hicho nacho kilikuwa na kingine. Katika debe la unga la Bi Tabu kulikuwa na vyungu vya bibi yake.

Kosa letu kubwa tulilifanya pamoja, sisi watatu. Bi Tabu alikwenda msibani kule kijijini Sudi akatuachia kuchoma. Mvua ilikuwa imenyesha kidogo, tukaona ardhi imekauka juu, tukapanga vyungu, tukaweka kuni na makumbi, tukawasha. Chini kumbe kulikuwa na maji. Mvuke ulipopanda, vyungu vilianza kupasuka kimoja kimoja, kisha kwa pamoja, kama bisi kwenye kikaango. Kuku wote wa mtaa walihama. Bi Tabu aliporudi aliingia moja kwa moja jikoni. Alipika ugali na kunde, akatupakulia sote kwenye vile vipande. "Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni," akatuambia. "Karibuni." Tulikula huku mchuzi unatuvujia magotini. Tangu siku hiyo Somoe aliapa kuujua moto, na kweli aliujua. Felista akawa wa udongo, mimi nikawa wa mikono na nakshi, Somoe akawa wa moto. Alikuwa akinusa moshi tu anakwambia bado au tayari. Jifya moja haliinjiki chungu, na sisi tulikuwa mafiga yale matatu.

Sasa njooni kwenye miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, wazazi wenu wanaijua. Bidhaa zilizokuwa zikisikika kwenye masimulizi zikajaa dukani. Nguo za mitumba, sabuni za kila rangi, sufuria nyepesi, chupa za chai za Kichina zenye maua mekundu, na ndoo za plastiki. Ah, zile ndoo! Hazivunjiki, hazina uzito, mtoto anaibeba anaruka nayo kamba. Mitungi yetu ikabaki barazani inatazamana. Mwanamke aliyekuwa akija kutubembeleza tumfinyangie mtungi wa maji sasa alipita na ndoo yake ya kijani kichwani, anatusalimia kwa haraka, kama mtu aliyevunja posa.

Kaka yake Somoe alikuwa na kibanda sokoni Lindi. Akamwita akauze ndoo. Somoe akakubali. Alituambia tukiwa bondeni, miguu imezama kwenye tope: "Nitafinyanga mtungi mmoja wa mwisho, mkubwa, nipate cha kukumbuka. Baada ya hapo mikono yangu naiosha."

Mimi nilitaka kulia, na nililia, ila nilisubiri nifike nyumbani. Si kwa sababu ya vyungu peke yake. Somoe ndiye niliyekuwa nikicheka naye. Na bila yeye tungechoma na nani? Mimi na Felista tungetazama moto kama watu wanaotazama mgeni asiyejua lugha. Kuondoka kwake kulikuwa ndio mwisho wa kazi aliyotuachia Bi Tabu, sote tulijua, hakuna aliyetaka kulitamka.

Mtungi wake wa mwisho ulitoka motoni ukiwa mzuri kupindukia. Mabega mapana, shingo ya heshima, nakshi ya mistari iliyolala upande niliyoichora mimi kwa ukingo wa kombe, lile gamba la baharini. Tuliugonga sote watatu, na kila mmoja alirudia, kwa utamu wa sauti tu.

Wiki hiyo hiyo akaja bwana utamaduni wa wilaya, mtu mpole mwenye viatu visivyozoea njia zetu. Akasema kuna maonyesho Kilwa Masoko, vyombo vya kale vya Kichina, vingi vimechimbwa kule kule Kilwa Kisiwani, vingine vimeletwa kutoka Dar es Salaam. Wenyeji wanaofinyanga wamealikwa waje watazame, na walete kazi zao ziwekwe mezani upande wa nyuma. Felista akakubali kabla bwana yule hajamaliza sentensi. Mimi nilikubali kwa sababu nilitaka siku moja zaidi na Somoe. Somoe alikubali kwa sababu hajawahi kukataa safari maishani mwake.

Tulipanda lori la magunia, mtungi umefungwa kwa majani na kanga mbili, Somoe ameukumbatia. Barabara ya siku zile mngeiona msingelalamikia hii ya leo.

"Hawa hawa Wachina wametutoa sokoni kwa machupa ya chai," Somoe akasema, lori linaruka, meno yanagongana. "Leo tunakwenda kuwaamkia shikamoo."

"Wa mabakuli ni marehemu, shoga," Felista akamjibu. "Hawana kosa."

"Mungu awapumzishe. Ila wajukuu zao nawajua."

Ukumbi ulikuwa nyumba ya kizamani yenye kuta nene, ndani baridi kama mtungini. Mlangoni alikaa mlinzi, mzee wa Kivinje mwenye koti la kaki lililofungwa vifungo vyote. Aliyesimamia maonyesho alikuwa dada mmoja kijana kutoka Dar es Salaam, Neema, amevaa miwani na suruali. Alituamkia vizuri, tukaitikia marahaba, akasaidia kuuweka mtungi wa Somoe kwenye meza ya chini karibu na ukuta, pamoja na vyetezo vyangu viwili vya kufukizia ubani. Kisha tukaanza kutembea.

Wanangu, vile vyombo! Mabakuli meupe yenye maua ya buluu, sahani za kijani kibichi kama embe changa, vikombe vyembamba mpaka mwanga unapita. Vimekaa ardhini mamia ya miaka, lakini vinang'aa kama vimepakwa mafuta asubuhi ile. Tulibandika pua kwenye kioo mpaka kikafanya ukungu.

"Wamechora samaki chini ya bakuli," Felista akanong'ona. "Ukimaliza mchuzi unamkuta."

"Na kama ulikuwa mchuzi wa kunde?"

"Basi ndiyo kitoweo chenyewe."

Tulicheka, mlinzi akakohoa, tukanyamaza. Lakini nilipogeuka kuangalia meza yetu nilishikwa na wivu, tena wivu wa kweli. Vyetezo vyangu na ule mtungi mzuri vilionekana kama watu waliokosea nyumba ya harusi. Nikamwona Somoe naye anaangalia huko huko. Kicheko kilikuwa kimemkauka usoni.

"Basi," akasema taratibu. "Nimeona kwa macho yangu. Nimechelewa tu kuacha."

Nilijilaumu kumleta. Nilikuwa nimetaka tufurahi pamoja siku moja zaidi, kumbe nimemleta kwenye mazishi.

Karibu na meza yetu palikuwa na mtungi wa Kichina, mkubwa mno kuingia kwenye kabati. Uliwekwa juu ya kibao, umezungushiwa kamba, na kibandiko cha USIGUSE. Rangi yake ilikuwa ya kahawia iliyoiva, na vijishikio vidogo vidogo mabegani. Somoe alisimama mbele yake, mawazo yake yako mbali, nadhani yako Lindi kwenye ndoo. Mkono wake haukuwa na mawazo. Mkono wake ulimwona mtungi. Ukapita juu ya kamba, kifundo kikatoka, kikagonga.

Ngoooo.

Ukumbi mzima uliisikia. Ilikuwa sauti nzito, tamu, ikazunguka kuta zile nene ikarudi.

"We mama!" mlinzi akapiga kelele mpaka kifungo kimoja cha koti kikafunguka.

Somoe akashtuka kama aliyemwagiwa maji, akaruka nyuma, kisigino kikapiga mguu wa meza ya chini. Meza ikayumba. Niliuona mtungi wetu unainama, polepole, kama mtu anayesinzia. Nilinyoosha mikono nikakamata chetezo. Mtungi ukapita pembeni yangu ukafika sakafuni, ukawa vipande.

Mlinzi ameshika kichwa, Felista anamwita Yesu. Somoe akaangalia mtungi wa Kichina, mzima juu ya kibao chake. Akaangalia chini.

"Alhamdulillahi," akasema, "umevunjika wetu."

Hapo hata mlinzi alicheka. Tulicheka sote, kicheko kile cha mtu aliyeponea chupuchupu. Dada Neema alikuwa amekimbia kutoka upande wa pili, uso umemparara. Alipoona kilichovunjika akapumua, akapiga magoti palepale na suruali yake safi, akaanza kuokota. Aliokota kwa namna iliyonishangaza. Hakurundika. Alivilaza vipande kimoja kando ya kingine, ukingo ukiutafuta ukingo mwenzake, kama vile anawapanga watoto kwa urefu.

"Acha, mwanangu," Somoe akamwambia. "Tupa tu."

Felista alinigeukia, macho yamemtoka. Kwa miaka yote tuliyojuana hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kutamka neno lile. Nilihisi kitu kimekatika. Nikajua, sasa kweli ameacha.

Dada Neema hakuinua hata kichwa. "Hapana, mama," akasema. "Kwetu sisi kigae hakitupwi."

Somoe akaganda. "Umesemaje?"

"Kigae hakitupwi. Ndiyo kazi yetu."

"Nani kakufundisha maneno hayo?"

"Mwalimu wangu."

"Hakuitwa Tabu?"

Yule dada hakuelewa, ikabidi mimi nimweleze Bi Tabu, kinu, unga na mambo ya kutafuna udongo. Alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akamshika Somoe mkono. "Njooni. Mmepita kabati moja hamkulitazama."

Lilikuwa pembeni, na ni kweli tulilipita, maana halikuwa na chochote cha kung'aa. Vigae. Vigae vyeusi na vyekundu vya vyungu vya kupikia, vimelazwa juu ya kitambaa cheupe, masizi bado yapo. Vingine vilikuwa na mistari iliyolala upande, imechorwa kwa ukingo wa kombe. Nilijikuta nimeinua mkono wangu mwenyewe nikautazama.

Dada Neema akatuonyesha bakuli la buluu lililokuwa jirani. "Hili na vigae hivi vimetoka shimo moja, Kisiwani. Nyumba moja."

"Jiko moja?" Somoe akauliza.

"Jiko moja, mama. Bakuli lilipakuliwa. Kilichopikia ni chungu."

"Na bakuli lilipokuja, vyungu havikuachwa?"

"Tukichimba, kila tabaka tunakuta vyungu. Mabakuli yanabadilika. Mara ya kijani, mara ya buluu, mara hayapo kabisa. Vyungu vipo."

Somoe alisogea karibu na kioo. Nilimwona midomo inacheza, anahesabu mambo yake. Kisha akasema, si kwetu, nadhani alimwambia yule mama mwenye chungu cha masizi: "Kumbe Mchina alishawahi kuja, na ukaendelea kupika."

Kabla hatujapata nafasi ya kulia, Felista akasogea kwa Dada Neema kwa adabu zote, mikono ameikunja mbele. Alikuwa amevitazama vile vigae kwa jicho ambalo nilikuwa nimelitambua mapema nikaliogopa.

"Mwanangu," akasema, "vile vidogo vidogo vya pembeni, ambavyo havina kazi, hamwezi kutugawia kidogo tukatwange?"

Dada Neema alishika kabati kwa mikono miwili.

"Vimeshapoa miaka mingi," Felista akaendelea kumtuliza. "Unga wake utakuwa mzuri sana."

Tulimtoa Felista pale kwa kumvuta kanga. Dada Neema alicheka mpaka akavua miwani kufuta macho, na mlinzi akasogeza kiti chake karibu na kabati lile asiondoke tena. Baadaye, watu walipopungua, yule dada alimfuata Somoe akamwuliza kwa sauti ya chini, "Ulipougonga ule wa Kichina, ulisikia nini?"

"Mzima," Somoe akajibu. "Na aliyeuchoma alijua moto. Mwambieni, kama mna njia ya kumwambia."

Tulipojiandaa kuondoka ndipo nilipoliona jambo ambalo ndilo limenifanya niwaandikie yote haya. Somoe alirudi pale mtungi ulipoangukia. Akatandika kanga sakafuni. Akapiga magoti, akahamisha vipande vyote ambavyo Dada Neema alivipanga, kisha akaanza kukusanya vidogo, halafu vilivyo vidogo zaidi, halafu akafagia chembe kwa kiganja.

"Inua mguu, baba," akamwambia mlinzi. "Umekanyaga shingo."

Mlinzi akainua mguu.

Felista alitaka kusema kitu, nikamfinya. Mtu anayeacha ufinyanzi hakusanyi vigae. Wa nini? Anayekwenda kuuza ndoo anataka kigae cha kazi gani? Niliogopa tukisema neno atajisikia aibu akaviacha.

Kwenye lori la kurudi aliliweka furushi mapajani. Abiria mmoja akamwuliza amebeba nini. "Mtungi," akajibu. Yule mtu akalitazama furushi lilivyo bapa. "Mbona hivyo?"

"Umelala," Somoe akasema. "Na wewe usipige kelele."

Asubuhi iliyofuata nilisikia mchi kwa jirani. Mwenye masikio ya kazi hajidanganyi: mahindi yana sauti yake, kisamvu kina yake, na vigae vina ile sauti kavu inayokwaruza. Nilikwenda mbio hata kanga ya pili sikuvaa, nikamkuta Felista ameshafika, amesimama na chekecheke mkononi kabla hajaombwa.

"Msinitazame hivyo," Somoe akasema bila kuacha kutwanga. "Ndoo nitauza. Siku za soko. Siku nyingine nina kazi."

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kwa miaka mingi kibanda kile cha Lindi kilikuwa na ndoo upande mmoja na vyungu upande mwingine, na mteja akiuliza ubora wa ndoo Somoe aliigonga, ikasema "pu", naye anamwambia, "Unasikia? Haina la kusema. Lakini maji inabeba." Aliuza vyote viwili. Wali wa nazi uliopikwa chunguni haukuwahi kupata mpinzani, na waliohamia sufuria walianza kurudi mmoja mmoja, hasa wakati wa Ramadhani.

Sasa masikio ya Somoe yamekwisha, mnajua. Ukimwita hasikii mpaka umguse. Ndiyo maana akigonga chombo anaweka kiganja chini yake. Ile sauti aliyokuwa akiisikia kwa sikio sasa anaipokea kwa mkono. Hakuna aliyemfundisha. Mkono ulijitafutia njia wenyewe.

Lile debe lenye mfuniko uliopinda, pale pembeni ya kibanda chenu, ambamo mchanga ukiwaishia mnachota unga wa vigae bila kuuliza ulikotoka, ndilo hilo. Unga wa ule mtungi uliingia mle, juu ya unga wa Bi Tabu, na kila mwaka tunaongeza. Haujawahi kuisha.

Kwa hiyo wewe wa hodi kwenye pilau, nikukumbushe chungu chako cha kwanza. Kilipotoka motoni kilikuwa kimeegemea upande kama bata anayesikiliza. Sote tulicheka, mimi nikiwa wa mbele kabisa. Ukakaribia kukitupa. Bi Somoe akakichukua mikononi mwako, akakigonga, akaweka kiganja chini yake, akatulia. Kisha akakurudishia, akasema, "Kizima."

Yeye hakucheka.